Mteremko wa Mama na Mwavuli wa Fundi

Mimi si mtu wa kutulia, hilo naomba lieleweke mapema. Mama alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake huyu hata uji huunywa amesimama. Lakini kutotulia kwa mwaka ule kulikuwa kwa aina yake. Nilikuwa napima kahawa ya watu huku mguu unacheza chini ya meza. Nilikuwa naenda kisimani, nafika, nagundua ndoo nimeiacha nyumbani. Yote hayo ni kwa sababu ya swali nililoulizwa nikiwa nimekaa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nywele zimejaa mchanga, nacheka peke yangu: "Unaanza lini?"

Aliyeuliza ni mtu tuliyekuwa tukimwita Fundi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, makampuni ya watu binafsi yameingia Mbinga na malori yao kununua kahawa, na mimi nikapata kazi kwenye kituo cha mnunuzi mmoja, kazi ya mizani. Fundi alikuwa mgeni kutoka Ulaya, kaletwa kufunga mashine za kukoboa. Mtu mzima, upara mwekundu kwa jua, Kiswahili chake alikiokota gereji za Songea na kilinukia grisi. Ila kwao, kabla ya mashine, alikuwa mwalimu wa kuruka na mwavuli, mwenye kibali cha kufundisha na kutoa cheti. Alikuja na miavuli miwili, mkubwa wa watu wawili na mdogo wa mtu mmoja. Si ile ya kurukia kutoka kwenye ndege. Hii unaitandaza juu ya nyasi za mlimani, unajifunga mikanda, unakimbia kuelekea bondeni, inajaa upepo na kukunyanyua.

Siku aliyouliza pale kituoni nani anataka kujaribu, wanaume wote wakakumbuka kwamba wana shughuli. Mmoja aliaga kabisa kwamba anakwenda msibani, na msiba wenyewe hatujausikia mpaka leo. Mkono wangu ukanyooka kabla akili haijauliza. Fundi akasema lazima ajue uzito wangu. Basi nikaning'inizwa kwenye mizani ya kahawa, mbele ya wakulima waliopanga foleni na magunia yao, na mzee mmoja akauliza, "Huyo mtamweka daraja la ngapi?" Watu wakacheka mpaka karani akashindwa kuandika.

Tulirukia kule juu ya njia ya Kingerikiti, mahali ardhi ya milima inapokatika ghafla na ziwa linaonekana chini, la buluu, limelala. Mara ya kwanza nilipiga kelele toka juu mpaka chini. Tulitua kwenye mchanga, katikati ya akina mama waliokuwa wakianika usipa, vidagaa vya ziwani. Walitimua mbio, kisha wakarudi mmoja mmoja, na mmoja akanibonyeza bega aone kama ni mzima. Mara ya pili sikupiga kelele. Nilitazama. Niliona mitumbwi, niliona mashamba ya mihogo, niliona kivuli chetu kikipita juu ya mapaa ya nyasi na ya bati. Ile ya kutazama ndiyo iliyoniharibu. Ile ya kelele ingeisha tu yenyewe.

Tulipokaa mchangani nikamwambia Fundi, "Sasa nataka nifundishwe kuruka mwenyewe."

"Unaanza lini?" akauliza.

"Hata kesho!"

Akacheka, akaanza kukunja mwavuli. "Lakini wewe bado hukimbii. Mara mbili zote nimekubeba mimi."

Nikakasirika. Nilikuwa nimekimbia, miguu ilikuwa inaniuma! Akasimama akaniigiza: magoti yamekunjwa, makalio nyuma, mwili umelalia mlima, macho kwenye vidole vya miguu. Na kweli nilijiona. Ndivyo tunavyoshuka sisi Wamatengo. Mtoto wa kwetu anafundishwa kushuka kabla hajajua kuhesabu, kwa sababu kuanzia mlangoni kwenu mpaka mtoni ni mteremko, na kichwani una ndoo. Unaegemea nyuma, kisigino kwanza, unatazama unapokanyaga. Mama ndiye alinifundisha, kwa kunichapa kila nilipoinama mbele. Sasa huyu anataka niiname mbele, nitazame mbali, nikimbie kama mlima haupo. Tukiwa wawili yeye alikuwa nyuma yangu akinisukuma kwa kifua chake. "Peke yako," akasema, "hakuna wa kukusukuma."

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili, kila asubuhi kabla upepo haujawa mkali, kwenye mteremko mfupi. Kukimbia, kuinua mwavuli, kukimbia, kuanguka, kurudi juu. Baadaye ndipo kuruka kutoka ukingoni, na mwisho cheti. Mkataba wake ulikuwa unaisha katikati ya mwaka, na toka mwezi wa tano, upepo wa mwera ukishaanza kuvuma kutoka upande wa kusini mwa ziwa, alisema, mwanafunzi harushwi. Kwa hiyo ilikuwa ama kabla ya hapo, ama basi.

Tukaenda kutafuta mteremko. Jamani, mtu anayetafuta mteremko Umatengo anapaswa kuupata ndani ya dakika moja, au siyo? Lakini hakuna mteremko wetu usiokuwa na ngolo. Ngolo ni kilimo chetu: wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, wanawake wanazifukia kwa udongo, inabaki safu ya mashimo na matuta kutoka kileleni mpaka bondeni. Ukikimbia humo na mwavuli unavunjika mguu kabla hujafika shimo la tatu. Pasipo na ngolo pana kahawa. Litumbandyosi kuna nyasi nzuri, lakini ni tambarare, ukikimbia unafika tu. Tulizunguka siku tatu. Mteremko mmoja tu ndio ulikuwa na nyasi, laini, hauna kisiki, umekaa vizuri na upepo. Ulikuwa wa Mama.

Shamba lile lilikuwa limepumzishwa. Mwezi wa tatu ndio lingechimbwa ngolo, lipandwe maharage, na maharage yale ndiyo mboga yetu ya mwaka mzima. Baba alikuwa ameshafariki, tulikuwa Mama na mimi tu. Mtu anayechelewa kuchimba mpaka mvua zinakatika hapandi kitu mwaka ule. Ilikuwa mwezi wa pili mwishoni.

Nilimkuta Mama jikoni anapepeta. Nilimpigia maelezo marefu, nikamtajia cheti, nikamwambia hata wazungu wenyewe wanalipia kufundishwa, nikasema shamba likipumzika mwaka mwingine rutuba itaongezeka. Alipepeta mpaka ungo ukaisha.

"Unataka nisilime," akasema, "ili wewe ukimbie."

"Ndiyo, Mama."

"Ukimbie kwenda wapi?"

"Chini. Halafu nirudi juu."

Nilitegemea aniondoe na mwiko. Aliuweka ungo chini, akasema, "Sawa. Niambie siku unayoanza. Ukiniambia siku, siligusi."

Basi hapo ndipo nilipokamatwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hapana. Kwa hapana ningelia, ningenuna, ningewaambia watu kituoni kwamba mama yangu amenizuia. Kwa sawa sikuwa na wa kumlaumu. Nikamwambia, "Nitakuambia kesho."

Kesho yake mvua ilinyesha. Keshokutwa nyasi zilikuwa zimelowa. Fundi alikuwa akipita kwenye mizani yangu asubuhi na kuuliza neno moja tu, "Leo?" na mimi nikamjibu nyasi zimelowa. "Zitakauka," anasema, anakwenda zake. Wiki iliyofuata nikasema sina suruali. Mnadani nikanunua suruali ya mtumba, nikasema ni pana. Nikaipeleka kwa mshonaji, ikarudi, nikasema inabana. Nikasema bosi anakuja kukagua. Bosi akaja, akakagua, akaondoka. Nikasema kiuno kinauma, na kweli kikaanza kuuma.

Na huku nyuma sitaki kusema nilikuwa nimetulia. Thubutu! Nilikuwa naamka nimekunja ngumi. Nilikuwa napanda juu ya ule mteremko jioni, nasimama kileleni, naangalia chini, najiambia haya, kimbia tu bila mwavuli, kimbia tuone. Nakimbia hatua nne, visigino vinajichimbia vyenyewe. Naondoka nimekasirika, na aliyenikasirisha simwoni.

Mwezi wa tatu ukaingia. Mlima wa pili ukafyekwa, na wa tatu, wanaume wakalaza nyasi, wanawake wakaingia na majembe, na baada ya siku kumi pande zote tulizoweza kuziona zilikuwa mashimo na matuta, udongo mbichi. Katikati yake, sisi: nyasi kiunoni. Shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa anapita na jembe begani na kuita kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Wifi! Mwaka huu mnavuna nyasi?" Mama anamjibu, "Tutakugawia!" Wanacheka wote wawili. Lakini nilimwona Mama akisha kucheka anaingia ndani, na mbegu ya maharage ilikuwa kwenye kikapu pale mlangoni, ameshaichambua tangu zamani.

Hakuniuliza. Hilo ndilo lililokuwa linaniua. Kila asubuhi anasema umeamkaje, naitikia salama, ananitazama kidogo zaidi ya inavyotakiwa, basi.

Kuna desturi yetu inaitwa sengu. Watu wa ukoo mmoja wanakula pamoja kwa mkubwa wao, na baada ya kula yanazungumzwa ya mashamba, ya ndoa, ya ugomvi. Miaka ile ilikuwa inafifia, kila mtu anataka kula kwake na redio yake, lakini baba mkubwa, kaka yake baba, bado alikuwa anaitisha kila Jumapili baada ya misa. Jumapili moja sikwenda, nilijifanya naumwa. Jioni Shangazi akaja kunitazama. Alikuwepo, alikuwa anapakua ugali, alisikia yote. Wala hakukaa.

"Mama yako kasimamishwa leo," akasema.

Baba mkubwa alikuwa amemuuliza mbele ya wanaume wote kwa nini shamba limelala. Kama limekushinda, alisema, sema, tumpe mke wa mdogo wangu mwingine achimbe, watu wanatafuta ardhi. Mama akajibu halijamshinda. Basi ni nini? Mama akasema, "Nimechoka tu mwaka huu." Mmoja wa vijana wa ukoo, tena mtu ambaye Mama alimlea, akasema kumbe uvivu nao huanza uzeeni. Wanaume wakacheka. Baba mkubwa akamwambia Mama anampa wiki moja.

"Na yeye akasemaje?" nikauliza.

"Kakaa, kala." Shangazi akanikazia macho. "Sisi wengine tumepigwa na butwaa. Wifi yangu mvivu? Jembe lake linajulikana mlima mzima."

Alipoondoka nilibaki kitandani nimetazama bati. Nilielewa mara moja kwa nini Mama hakunitaja. Angelitamka tu neno mwavuli, wale wanaume wangelipiga marufuku palepale, na kesho yake jembe lingeingia. Kwa hiyo alichagua kuitwa mvivu. Mwanamke ambaye alichimba ngolo siku tatu kabla ya kunizaa, hiyo aliniambia bibi, si yeye.

Na mimi sikuwa na siku ya kumpa. Hapo nilikubali jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa mwezi mzima kwa suruali na mvua na kiuno. Nilikuwa naogopa. Si kufa. Nikiwa mbele ya Fundi, nimefungwa kwake, hata nikifanya upumbavu nilikuwa naruka. Peke yangu, nisipokimbia, sitaruka, na itajulikana kwamba siku zote aliyekuwa akiruka ni yeye. Nilishajigamba pale kituoni kwa kila aliyeleta gunia. Afadhali ningezuiwa. Nilikuwa namwombea mtu yeyote anizuie.

Nikapata wazo la kijinga, na nililiona ni la heshima. Jumatano, bado siku nne za baba mkubwa, nilitoka kazini mapema nikamkuta Mama barazani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti.

"Mama, lima. Bado kuna siku. Nitaomba ruhusa kazini tuchimbe wote, Jumapili ikifika watakuta tumemaliza. Mambo ya mwavuli basi."

Aliendelea kupukuchua. Gunzi la kwanza, la pili. La tatu alilitupa uani kwa nguvu mpaka kuku wakaruka.

"Nani kakwambia mimi nataka kulima?"

"Nimesikia ya Jumapili..."

"Umesikia! Kama ningetaka kulima ningelima. Mbegu iko pale. Jembe liko pale. Nilihitaji ruhusa yako?" Alisimama, mahindi yakamwagika kutoka mapajani. "Nimesimama mbele ya wanaume nimeitwa mvivu. Mimi! Na kale katoto nilikokafuta kamasi kakanicheka. Nikameza. Halafu leo unakuja kunirudishia shamba, kama mtu aliyeazima ungo? Silitaki. Mimi sikukuomba shamba. Nilikuomba siku. Nipe siku yangu."

"Naogopa, Mama."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtu asiyeogopa angekuwa ameanza mwezi wa pili. Nilikuuliza kama unaogopa? Nilikuuliza lini."

Nililia. Alinisubiri nilie, hakunishika, hakunibembeleza. Nilipomaliza bado alikuwa amesimama palepale.

"Kesho," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Saa moja."

"Haya. Nenda kamwambie Fundi wako sasa hivi, kabla hujapata kiuno."

Asubuhi nilivaa ile suruali, nikafunga kanga juu yake, nikapanda mlima na Fundi akiwa amebeba mwavuli mdogo mgongoni. Nyasi zilikuwa na umande. Tulipotokea kileleni tulimkuta Mama. Alikuwa ametangulia na mundu, nadhani tangu kulipopambazuka, na alikuwa amefyeka njia pana kutoka juu mpaka chini ili miguu isinase. Kufyeka kwetu ni kazi ya wanaume. Nyasi hakuzilaza kwa ngolo. Alizibeba zote pembeni.

Fundi akamwamkia, "Shikamoo, Mama," akamwangalia, akaangalia ile njia. Akaanza kutandaza mwavuli.

Ng'ambo watu waliacha kupalilia. Shangazi alikuja na jembe lake begani. Wakati nafungwa mikanda baba mkubwa naye akatokea, mikono nyuma, hatua za polepole, na nyuma yake wanaume wawili wa ukoo. Mama aliwaamkia, wakaitikia, wakasimama.

"Hakuna mtu nyuma yako," Fundi akaniambia. "Inama. Tazama ziwa."

Ziwa halionekani kutoka pale, nilimwelewa hivyohivyo. Nikavuta pumzi, nikakimbia. Nilisikia mwavuli ukinyanyuka nyuma yangu, ukinivuta mabega, na kwa nukta moja ulikuwa juu ya kichwa changu wote, mwekundu, umejaa. Kisha visigino vyangu vikajichimbia. Nikakaa. Kitambaa chote kikaniangukia kichwani, nikabiringika nacho mpaka nyasi zikanizuia.

Humo ndani ya kitambaa nilisikia kicheko, kisha nikasikia kicheko kimekatika. Nikahangaika na kamba mpaka nikapata pa kutolea kichwa.

Baba mkubwa alikuwa anamtazama Mama. "Kumbe ndiyo maana shamba limelala?"

"Ndiyo," Mama akasema.

"Uliniambia umechoka."

"Nilikudanganya, shemeji. Sijachoka."

"Maharage ya mwaka mzima, kwa ajili ya hiki? Kwa ajili ya kuanguka?"

Mama alikuwa na mundu mkononi na majani kwenye nywele. Hakuinua sauti. "Kwa ajili ya huyu," akasema, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa chini na matope mpaka kifuani. "Rudi juu."

Nikaukusanya mwavuli mikononi, nikarudi.